Moja Kichwani: Historia ya Namba Zinazojaza Kompyuta (Sehemu ya 6)

Wiki iliyopita tulimaliza kipimajoto. Leo ni hesabu. Usikimbie, hii hesabu unaijua tayari.

Mwangalie mtoto wa darasa la pili anavyojumlisha 27 na 15. Saba na tano ni kumi na mbili. Anaandika 2, ile 1 anaiweka kichwani. Mbili na moja ni tatu, na ile ya kichwani, nne. Jibu 42.

Hiyo "moja kichwani" ndiyo mada ya leo. Sisi tunaiona ya watoto, ila kwenye kompyuta imekuwa na historia ndefu, na ilipokosekana kuna mtu alizikwa.

KISANDUKU KINAPOJAA

Unazijua zile pikipiki kuukuu zenye mita ya kilometa ya tarakimu tano? Ikifika 99999, kilometa inayofuata inasoma 00000. Pikipiki haijawa mpya. Injini ni ileile iliyochoka, ni mita tu imekosa nafasi ya kuandika moja ya mbele.

Kompyuta nayo huweka namba kwenye visanduku vya ukubwa maalumu. Kisanduku kidogo kinachoitwa baiti kinabeba namba kuanzia 0 hadi 255. Ukiongeza moja juu ya 255 kinarudi 0. Kisanduku chenyewe hakipigi kelele wala hakiwashi taa nyekundu. Ile moja iliyotakiwa kuwekwa kichwani imepotea, na programu isipoiulizia, kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa twende Marekani, mji wa Yakima, jimbo la Washington, Januari 1987. Hospitali moja pale ilikuwa na mashine ya tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani, inaitwa Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Mashine za kabla yake zilikuwa na vizuizi vya usalama vya vifaa halisi, yaani hata programu ikikosea, mashine yenyewe inagoma. Kwenye hii mpya vizuizi vingi vya namna hiyo viliondolewa, usalama ukaachiwa programu.

Ndani ya programu kulikuwa na kisanduku kimoja cha baiti. Kikiwa na sifuri, maana yake "hakuna cha kukagua". Kikiwa na namba nyingine yoyote, maana yake "kagua kwanza kama vifaa vimekaa mahali pake". Wakati wa maandalizi programu ilikuwa inazunguka tena na tena, na kila mzunguko ikiongeza moja. Mara 255 iko salama. Mzunguko wa 256 kisanduku kinajaa, kinarudi sifuri, na kwa kitambo kifupi sana mashine inaamini hakuna haja ya kukagua.

Siku ile mhudumu alibonyeza kitufe ndani ya kitambo hichohicho. Vifaa vilikuwa vimekaa mahali pa taa ya kumlenga mgonjwa, hakuna kitu mbele cha kupunguza ukali wa mionzi. Dozi aliyopangiwa mgonjwa ilikuwa rad 86 kwa jumla. Makadirio ni kwamba alipata kati ya 8,000 na 10,000. Alifariki Aprili mwaka huohuo. Ilikuwa ajali ya sita ya mashine za aina hiyo tangu Juni 1985, ingawa ajali nyingine zilikuwa na vyanzo vyake.

Dawa ya kosa lile ilikuwa nyepesi: badala ya kuongeza moja kila mzunguko, programu iliandikwa upya iweke namba moja isiyobadilika ambayo si sifuri. Lakini swali kubwa lilibaki, na ndilo linalonivutia mimi kama nesi: tunafanyaje kompyuta ihesabu bila kufika mahali ikasahau?

JIBU LILIKUWA KWENYE DAFTARI

Karatasi haijawahi kumwambia mtoto "namba imejaa". Ukihitaji tarakimu nyingine, unaandika upande wa kushoto. Ukifika mwisho wa ukurasa unaunganisha karatasi.

Uwezo huo tumeurithi kutoka India, ambako tarakimu hizi na sifuri yake zilikuzwa. Kwenye karne ya 9, mjini Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu cha kufundisha kuhesabu kwa tarakimu hizo za Kihindi. Jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani hatua za kufuata moja baada ya nyingine mpaka jibu lipatikane. Na sisi Waswahili tumebeba ushahidi mdomoni: "hesabu" na "sifuri" ni maneno ya Kiarabu. Sifuri asili yake ni "tupu". Ni alama ya nafasi tupu inayoshikilia mahali, ili 205 isisomeke 25.

Waandishi wa programu walichofanya ni kurudi kwenye daftari la darasa la pili. Namba ikiwa ndefu kuliko kisanduku, wanaikata vipande na kuvipanga visanduku kwenye mstari kama tarakimu. Unajumlisha visanduku vya mwisho kulia. Vikizidi, unabakiza kinachoenea na moja unaipeleka kisanduku kinachofuata. Kutoa ni kwa kukopa jirani, vilevile kama mtoto. Kisanduku cha mwisho kushoto kikijaa, programu inaiomba kompyuta nafasi nyingine na kuongeza kisanduku kipya. Kwa hiyo kikomo pekee kinabaki kuwa kumbukumbu ya kompyuta nzima.

Kazi hii si kila mtu anaiandika mwenyewe. Kuna kitu wanakiita maktaba ya programu, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na kupimwa ili wengine wazitumie. Maktaba maarufu ya namba ndefu ni GMP, ya Torbjörn Granlund, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1991. Nimependa jinsi walivyokiita kila kisanduku: kwa Kiingereza wanatumia neno la kiungo cha mwili, kama mkono au mguu. Sababu ni kwamba neno lao la tarakimu linatokana na kidole. Tarakimu ni kidole, na kisanduku ni kiungo kizima chenye vidole vingi ndani. Sisi wa wodini tumewaelewa kabisa 😊

KIJANA WA MIAKA 23

Kujumlisha ni kwepesi. Kazi iko kwenye kuzidisha. Kwa njia ya shule, namba mbili za tarakimu nne kila moja zinahitaji vizidisho vidogo 16. Zikiwa na tarakimu 1,024 kila moja, vinakuwa 1,048,576.

Watu walizidisha hivyo kwa karne na karne. Mwaka 1960 mjini Moscow, Andrey Kolmogorov, mwanahisabati mkubwa wa Kisovieti, aliendesha semina chuo kikuu akieleza dhana yake kwamba njia ya haraka zaidi ya hiyo haipo. Haikupita wiki, kijana wa miaka 23, Anatoly Karatsuba, akamletea njia ya haraka zaidi.

Chukua kalamu tujaribu 23 × 14. Shuleni tungezidisha mara nne. Karatsuba anazidisha mara tatu tu:

Makumi kwa makumi: 2 × 1 = 2.
Mamoja kwa mamoja: 3 × 4 = 12.
Kisha jumlisha tarakimu za kila namba na uzidishe: (2 + 3) × (1 + 4) = 25. Toa zile mbili za mwanzo: 25 − 2 − 12 = 11.

Sasa panga: mamia 2, makumi 11, mamoja 12. Yaani 200 + 110 + 12 = 322. Hakikisha na simu yako.

Kuokoa kizidisho kimoja kati ya vinne si kitu kikubwa. Lakini namba ndefu ukiikata nusu, na nusu ukaikata tena, unaokoa kila hatua. Zile tarakimu 1,024 zinabakiza vizidisho takriban 59,000 badala ya zaidi ya milioni moja. Kujumlisha na kutoa kunaongezeka, ila hizo ni kazi nyepesi. Lugha ya Python, ambayo vijana wengi wanaanza nayo siku hizi, inatumia njia ya Karatsuba mpaka leo namba zikiwa ndefu sana.

INATUHUSU NINI?

Kwanza, usiri. Kuna aina ya ufunguo wa siri inayoitwa RSA, iliyobuniwa mwaka 1977, inayolinda tovuti nyingi. Ufunguo wake wa kawaida una tarakimu 617. Hakuna kisanduku kimoja cha kompyuta kinachoubeba, lazima upangwe kwenye mstari na moja ziwekwe kichwani.

Pili, visanduku vidogo bado vipo, kwa sababu ni vya haraka. Kompyuta nyingi zilizoea kuhesabu saa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, kwenye kisanduku kinachoishia 2,147,483,647. Sekunde hizo zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Mifumo mingi imeshahamishiwa visanduku vikubwa, ila vifaa vya zamani vitahitaji mtu avikumbuke. Mtoto unayemnyonyesha sasa hivi atakuwa bado mwanafunzi siku hiyo.

Kwa hiyo mama, mwanao akikuuliza "kwa nini niweke moja kichwani?", usimjibu "kwa sababu mwalimu amesema". Mpe maharage. Kumi yakitimia yafunge kwenye kifuko, kifuko kihamie kushoto. Aone kwa macho kwamba ile moja ni kumi nzima, na akiiacha, kumi zimepotea na daftari halitamwambia.

Na kwa wenzangu wa wodini: kifaa chochote kinachohesabu kwa niaba yetu, matone, dozi, saa, kina mahali kinapojaa. Ni haki yetu kuuliza kikijaa kinafanyaje, kinalia au kinarudi sifuri kimya kimya.

Leteni maswali hapo chini. Mwenye mtoto anayesumbuliwa na kutoa kwa kukopa aniambie, tutafanya na maharage Jumamosi. Sehemu ya 7 inakuja: historia ya sindano.