Kunguni wa Moscow na kunguni wa bweni

Najua nimekuwa kimya, mnisamehe, majaribio yalinibana kweli kweli. Leo nimepata nafasi na nina la kusema.

Ijumaa usiku wenzetu wa sanaa za maonyesho walituonyesha mchezo wao mpya. Kijana wa chuo kahamia chumba cha kupanga na mpenzi mpya, wakanunua godoro la bei poa, kumbe limekuja na wenyeji wake. Wakapuliza dawa, wakaanika godoro juani, wakachemsha mashuka, wapi! Kila usiku kunguni watatu waliovaa magunia wanatoka uvunguni na kusimulia siri za hao wawili: nani anachati na nani, kodi ya chumba inatoka kwa nani. Jamani tulicheka! Jamaa mmoja nyuma yangu alikuwa anajikuna, na sidhani kama alikuwa anaigiza. Bweni letu wenyewe tunalijua.

Sasa mimi mtu wa ualimu, somo langu Historia, siwezi kucheka tu nikalala. Nikakumbuka kwamba kunguni alishapanda jukwaani zamani, tena kwa habari hiyo hiyo ya mapenzi.

Ilikuwa tarehe 13 Februari 1929, mjini Moscow. Mwandishi ni mshairi Vladimir Mayakovsky, mchezo unaitwa Kunguni, na mwongozaji ni Vsevolod Meyerhold. Muziki aliutunga Dmitri Shostakovich, kijana wa miaka 22. Yaani rika letu!

Ili uelewe, kumbuka Urusi ilifanya mapinduzi mwaka 1917. Uchumi ukayumba, mwaka 1921 Lenin akaruhusu tena biashara ndogo ndogo. Maduka yakafunguliwa, wenye visenti wakaanza kuonekana, na baadhi ya waliopigania usawa wakaanza kutamani maisha mazuri. Mtu wa namna hiyo ndiye Prisypkin kwenye mchezo. Alikuwa mfanyakazi wa kawaida, ana mchumba mfanyakazi mwenzake, Zoya. Anamwacha, anamwoa Elzevira, binti wa familia yenye saluni. Zoya anajipiga risasi. Harusini watu wanalewa, moto unazuka, wote wanakufa isipokuwa bwana harusi, ambaye maji ya zimamoto yanamgandisha kwenye barafu.

Miaka 50 baadaye, mwaka 1979 wa kubuni, wanasayansi wanamfufua. Na kwenye kola yake kuna nani? Kunguni. Dunia hiyo mpya ni safi mno, haina pombe, mapenzi yamekuwa kama ugonjwa wa kale. Mwishowe Prisypkin anawekwa kwenye kizimba bustani ya wanyama pamoja na kunguni wake, watu wanakuja kuwaangalia. Halafu anawageukia watazamaji ukumbini na kufurahi: kumbe wenzangu mko wengi!

Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mayakovsky hakuwa anacheka mdudu tu. Alikuwa anawaambia wenzake kwamba hata mkibadilisha serikali, ile tabia ya kunyonya mtu na kumwacha mnaweza kuingia nayo kwenye nyumba mpya, imejificha kwenye kola. Yeye mwenyewe alijiua tarehe 14 Aprili 1930, na Meyerhold aliuawa na serikali ya Stalin mwaka 1940. Dunia safi haikufika.

Lakini kilichoninyima usingizi ni Zoya. Mnadhani alikufa? Hakufa. Miaka 50 baadaye yupo, mzee, anasaidia kazi ya kumfufua yule yule aliyemwacha. Anamtazama na kushangaa kwamba nusura afe kwa ajili ya mtu kama huyu. Mchezo wetu wa Ijumaa nao ulikuwa na Zoya wake: mchumba wa nyumbani, onyesho la kwanza, anapiga simu haipokelewi. Ukumbi mzima ukacheka, na hakurudi tena jukwaani. Hapo ndugu zangu wa sanaa mlikosea. Mngemrudisha.

Nasema hivi kwa sababu nami nilicheka. Kuna binti wa kwetu anauza maandazi stendi. Mwaka wa kwanza, bumu lilipochelewa, alinitumia elfu ishirini. Sikumwomba, aliniuliza tu kama nimekula. Siku hizi meseji zake nazijibu "nipo bize", au sizijibu kabisa.

Jumamosi asubuhi nilianika godoro, nikampigia. Iliita mpaka ikakata. Nimejaribu tena leo mchana, akapokea, akasema ana wateja, atanipigia.

Hajapiga bado. Nasubiri.

Haya, tuonane wiki ijayo. Na wewe unayesoma, hebu angalia kola yako.