Basari, Ruzuku, Masurufu

Tarehe 27 Machi 2020, korona ikienea, Marekani ilitia saini sheria iliyofupishwa jina ikaitwa CARES. Ndani yake vyuo vilitengewa takriban dola bilioni 14, na sharti likawekwa kwamba katika mgao mkuu wa kila chuo, nusu au zaidi iwafikie wanafunzi wenyewe. Haikuwa ada wala mkopo. Ilikuwa pesa ya kula, ya kodi ya nyumba, ya intaneti, ya kumlipa anayemshika mtoto. Usiku huohuo Kenya ilianza kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na barabara ya kutoka Malindi kwenda Garsen, inayopita Mambrui, Gongoni na Marereni, ikanyamaza.

Kwa Kiswahili cha gazeti, jambo lile la Marekani tungeliita “ruzuku za dharura za janga kwa wanafunzi wa vyuo vya jamii”. Sarufi haina kosa. Kila neno limo kamusini. Ila msomee sentensi hiyo mama wa Marafa mwenye kijana anayejifunza uchomeleaji, atakuuliza kwa adabu: “Sasa mwanangu, hiyo ni basari?” Swali lake ndilo lililonituma kuandika, maana jibu ni hapana, na hapana hiyo inahitaji maelezo marefu kuliko nilivyodhani.

Tuanze na lililo jepesi. Chuo, katika miji ya kale ya pwani kama Mambrui, ni madrasa. Mtoto akiwa chuoni yuko mbele ya juzuu, si mbele ya kompyuta. Nyuma zaidi ya hapo chuo kilikuwa kitabu: Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, jina lake jingine ni Chuo cha Herekali, na msomi wa dini hadi leo ni mwanachuoni. Kwa hiyo kumwambia mtu wa Mambrui habari ya “chuo cha jamii” ni kumwongezea neno asilolihitaji, kwani hajui chuo kisichokuwa cha jamii.

Vyuo vya Marekani vinavyoitwa hivyo vilianzia Joliet, Illinois, mwaka 1901, na jina lenyewe likaenea baada ya tume ya Rais Truman ya 1947. Ni vya karibu na nyumbani, vya bei nafuu, na wengi wa wanafunzi wake wana kazi na watoto. Tanzania ina ndugu wa vyuo hivyo: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa 1975 kwa mfano wa Sweden. Sisi Kenya tulikuwa na politekniki za kijiji, zao la mjadala ulioanzishwa na Baraza la Makanisa mwaka 1966 kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda. Baadaye zikaitwa politekniki za vijana. Sasa ni vituo vya mafunzo ya ufundi, vilivyo chini ya kaunti, ingawa Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne bado inazitaja kwa jina la zamani la vijiji. Mabanda ni yaleyale, cherehani ni zilezile, kibao cha langoni ndicho kimepakwa rangi upya kila mara. Mimi ningesema “vyuo vya wananchi” nikamaliza, kwa sababu mwananchi angalau ana uso. Jamii haina anayeiwakilisha inapofika zamu ya kutia saini.

Neno ruzuku lina heshima zaidi, na limeteremshwa cheo. Ni pacha wa riziki, mzizi mmoja wa Kiarabu. Kuruzuku ni kazi ya Mungu, na mvuvi wa Ngomeni akirudi na ngarawa imejaa husema ameruzukiwa, hata kama amekesha akivuta nyavu kwa mikono yake. Leo ruzuku ni ya mbolea, ya mafuta, ya vyama vya siasa. Serikali imekaa katika kiti cha kitenzi kile na watu wamezoea. Sina ugomvi na hilo, maana lugha hukopa hata vya mbinguni. Ninachokiona ni kwamba ruzuku, kwa sikio la Kenya, huenda kwa kitu: kwa gunia, kwa lita, kwa chama. Husikii mtu akisema “nimepata ruzuku yangu” huku akipapasa mfuko wa suruali.

Na hapo kwenye mfuko ndipo penye utamu.

Basari tumeitoa kwa Waingereza, nao waliitoa katika Kilatini, ambako bursa ni mfuko wa ngozi. Mtunza fedha wa chuo alikuwa mshika mfuko. Sisi tunapotaka kusema fungu la fedha lililotengwa kwa jambo fulani, tunasemaje? Mfuko. Tanzania ni mfuko wa hiki na mfuko wa kile, bila kuona haya. Kenya tumependa hazina, neno la chumba chenye kufuli kuliko mfuko wenye mdomo, na tofauti hiyo ina ukweli wake. Mwaka 2021 Tanzania ilipopata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban shilingi trilioni 1.3 zao, ikajenga madarasa 15,000 na kuongezea vyuo vya ufundi vifaa, watu hawakungoja Baraza la Kiswahili liwape istilahi. Walisema “madarasa ya UVIKO”, UVIKO likiwa jina lao la korona, na majukwaani wanasiasa wakasema “pochi la Mama”, Mama akiwa rais wao. Wamerudi kwenye Kilatini bila kupita shuleni. Bursa, mfuko, pochi: ni kitu kimoja, na mara zote swali ni nani ameshika mdomo wake.

Basari ya Magarini, eneo bunge la Kaunti ya Kilifi, imeshikwa na wengi. Kuna ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, ambayo sheria yake ya kwanza ni ya 2003. Kuna ya kaunti, inayogawanywa kwa wadi, na Magarini ina wadi sita: Marafa, Magarini, Gongoni, Adu, Garashi na Sabaki. Mwombaji hujaza fomu. Chifu hugonga muhuri, imamu au mchungaji hutia saini, mkuu wa chuo huthibitisha karo inayodaiwa. Kisha hundi huandikwa kwa jina la chuo. Narudia kwa sababu ndicho kiini cha neno: basari haimfikii mwanafunzi. Inampita juu ya kichwa kutoka mfuko hadi mfuko, na yeye huonyeshwa risiti.

Kwa siku za kawaida utaratibu huo una hekima yake. Pesa ya karo ikipita mkononi mwa kijana wa miaka 19, njiani kuna vishawishi, na kuna wajomba. Lakini Machi 2020 vyuo vilifungwa nchi nzima, mwisho ukiwa tarehe 20. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na Malindi na Watamu, zinazoishi kwa mtalii, zikabaki na vitanda vilivyotandikwa. Tarehe 8 Aprili Kilifi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, hadi tarehe 6 Juni. Binti aliyekuwa akisomea upishi Malindi, baba yake mwendesha tuktuk wa wageni, sasa yuko nyumbani Gongoni. Mlipie karo. Unakilipa chuo kilichofungwa. Alichokikosa ni unga, bando la simu, na nauli ya siku milango itakapofunguliwa. Basari haina namna ya kuvinunua vitu hivyo, si kwa ukatili wa mtu, ni kwa sababu ya jina la aliyeandikiwa hundi.

Kabla ya korona, mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha serikali alikadiriwa karo ya shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ililipa 30,000, na 26,420 zilizobaki zilitoka katika mkopo wa 40,000 wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Piga hesabu: zinasalia 13,580 za kuishi, kwa mwaka, nazo ni za kulipwa siku moja. Wanafunzi hawaziiti mkopo. Husema “Helb imeingia”, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Wenzao wa Dar es Salaam husema bumu. Nayapenda maneno haya kuliko yote ya kwenye fomu, kwa kuwa yamezaliwa na waliopokea, na kitenzi chake ni kuingia: pesa imeingia simuni, imefika, naishika.

Sasa dharura. Ofisini dharura ni taa nyekundu na namba ya simu. Asili yake ni fikihi, na huko ni neno lenye mizani. Wanachuoni wana kanuni kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kanuni ya pili iliyofungwa kamba na ya kwanza, kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Mwenye kufa njaa ataokoa roho kwa mzoga, ila hatafungua bucha. Tunalitumia neno hili kila siku na tumesahau pande zake zote mbili. Dharura ya kweli ingeruhusu fomu irukwe, muhuri usubiri, pesa iende kwa simu ya mwanafunzi, tena kwa kipimo na kwa muda. Njia ilikuwapo: tangu tarehe 17 Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka ule, kutuma kwa M-Pesa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 hakukutozwa ada. Ukikaa na kanuni ile ya fikihi na ukakaa na M-Pesa isiyotozwa, unajiuliza ni nini kingine kilichohitajika. Vijana wa mitaa duni mijini waliundiwa Kazi Mtaani, wakazibua mitaro kwa ujira wa siku. Mpango wenye faida, na jina lake linasema wazi: pesa hii ina jasho. Mwanafunzi hakuwa na jina lake.

Wamarekani nao, msidhani walivuka kwa maji ya vifundoni. Mgao wa kwanza ulipimwa kwa kuhesabu wanafunzi wa muda wote, na wa muda nusu wakajumlishwa wawili kwa mmoja au watatu kwa mmoja. Vyuo vya wananchi, vilivyojaa watu wanaosoma usiku baada ya kazi, vikapunjwa. Walilalamika, na sheria ya Desemba 2020 ikaanza kuhesabu vichwa pia. Wahamiaji wasio na vibali walizuiwa kwanza, wakaruhusiwa Mei 2021. Nusu mwanafunzi ana tumbo zima, na ilichukua miezi tisa kwa bunge lao kulikubali hilo.

Sisi tuna nusu yetu. Katika fomu za basari kuna vyumba vya kutia alama: yatima kamili, nusu yatima, mhitaji. Nusu yatima ni kiumbe cha karatasi. Katika fikihi yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Akibaleghe uyatima umekwisha, kwa hiyo chuo cha ufundi hakiwezi kuwa na yatima hata mmoja. Katika Kiswahili cha mtaani yatima ni aliyefiwa na mzazi, basi, bila sehemu za kugawanya. Fomu imekuja na mizani ya tatu, na chifu anaitumia kwa sababu hana nyingine. Mwaka 2020 ilipungukiwa na chumba kimoja muhimu: mwenye wazazi wawili hai, wote wamesimamishwa kazi hotelini.

Limebaki msaada, ambalo Magarini linajulikana vizuri kuliko linavyopendwa. Kuanzia miaka ya 1970 Australia ilimimina fedha katika mradi wa makazi wa Magarini, kuwapimia Wagiriama mashamba kwa mistari iliyonyooka katika ardhi kavu, ambako kisima ukichimba kinaweza kutoa maji ya chumvi. Miaka ya 1980 ikiisha wakaondoka. Kilichobaki cha kusomwa ni kitabu cha 1991 cha watu walioujua mradi huo kwa ndani, na jina lake linaikejeli nia njema. Mzee wa Adu akisikia msaada, huuliza kwanza nani ataondoka lini. Ufadhili hauna nafuu kubwa. Umebeba fadhila, na fadhila kwetu hudaiwa shukrani, hupigiwa picha, hutangazwa siku ya kugawa hundi kubwa kama mlango.

Kwa hiyo yule mama wa Marafa nimjibu nini? Ningemwambia: si basari, ni masurufu. Pesa ya matumizi, aliyopewa mtu ajikimu nayo, kama mume anayesafiri anavyomwachia mke, kama baba anavyomtilia mwanawe mkononi pale stendi. Neno lipo pwani yote na halihitaji kamati. “Masurufu ya dharura kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi”: lisome kwa sauti, utaona halikwami kooni.

Mhariri mmoja rafiki yangu amelipinga. Anasema ofisi za serikali, hasa za Tanzania, zimeshalichukua neno masurufu kwa fedha anayopewa mtumishi kabla ya safari, naye akirudi sharti airejeshee hesabu kwa risiti. Ukilipeleka chuoni, mhasibu atamwita binti wa Gongoni alete risiti ya unga na ya bando. Ana hoja. Nimemjibu kwamba masurufu ya nyumbani yalikuwapo kabla ya masurufu ya ofisini, na nyumbani hakuna anayedaiwa risiti ya unga, huulizwa tu kama ulitosha. Hajakubali. Katika toleo lake lijalo ameandika “ruzuku”.