Mafunzo ya Jamii na Stadi za Kazi katika Mji wa Mpanda baada ya Kufungwa kwa Mgodi wa Mukwamba

Mji wa Mpanda ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Madini hayo, yakiambatana na fedha, shaba na dhahabu, yalichimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals. Kwa ajili yake serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli la takribani kilomita 210 kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda. Kufikia mwaka 1950 reli ilikuwa imekamilika. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa, na treni ikaendelea kuishia katika mji ambao sababu ya kuuletea treni ilikuwa imetoweka.

Tukio hilo linaweza kuelezwa kwa hesabu ya tani na hasara. Swali linaloachwa kando ni maarifa ya waliofanya kazi pale yalikwenda wapi. Mgodi wa chini ya ardhi huhitaji watu wa kutoboa miamba, kulipua baruti, kusimika matimba na kutunza mitambo. Ujuzi huo hupatikana kazini, chini ya msimamizi, na mara nyingi bila cheti. Ajira inapokoma, fundi hana cha kumwonyesha mwajiri mwingine, na asiyehama hushika jembe.

Serikali ya uhuru iliitazama elimu ya watu wazima kwa jicho la kijiji. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kiwango cha watu wazima wasiojua kusoma na kuandika nchini kilishuka kutoka takribani asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986, kwa takwimu za serikali. Mafanikio hayo ni makubwa kwa kipimo chochote. Hata hivyo, kisomo chenye manufaa kilifungamanishwa na uzalishaji wa vijijini: vitabu vya mradi wa majaribio wa Mwanza vilihusu pamba, ndizi, ufugaji, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Katika nchi ya wakulima, tena baada ya Azimio la Arusha, uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kwa mji uliozaliwa na mgodi ulikuwa na gharama yake, kwani mtu aliyewahi kushika baruti alifundishwa kusoma kama mkulima.

Mwelekeo huohuo uliimarishwa na makazi ya wakimbizi kutoka Burundi yaliyoanzishwa Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Mpanda ikazidi kufahamika kwa mahindi na tumbaku.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, vilileta kitu tofauti: useremala, uashi na ushonaji kwa watu ambao hawakupita sekondari. Chuo cha Msaginya ni tunda la mpango huo katika eneo la Mpanda. Faida yake isidharauliwe, ingawa ufundi wa aina hiyo unategemea wateja wenye fedha.

Na fedha, kwa sehemu, ilirudi kutoka ardhini. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wamejifunza kwa kutazama: kijana huanza kwa kubeba mawe, kisha hushuka katika duara, kisha hufahamu karasha. Huo nao ni mfumo wa mafunzo, wenye walimu na madaraja yake, na kwa upana wa mtaala hauko nyuma ya chuo. Ila hurithisha pia mazoea mabaya. Zebaki hushikwa kwa mikono mitupu ili kunasa dhahabu, kisha huchomwa hadharani, wakati mwingine karibu na jiko la nyumbani, na mvuke wake hudhuru ubongo na mtoto aliye tumboni. Anayemfundisha kijana kazi hiyo alifundishwa hivyohivyo.