Seremala wa Utrecht

Nimekuwa kimya, kazi na baridi vimenibana. Juzi nilikwenda Utrecht kuiona nyumba ambayo Gerrit Rietveld alimjengea mjane, Bi. Schröder, mwaka 1924. Ghorofani kuta zinasukumwa: mchana ukumbi mmoja, usiku vyumba.

Bwana huyu alizaliwa 1888, mtoto wa seremala. Shule aliiacha mapema, akashika randa kwa baba yake. Mnamo 1918 alibuni kiti cha mbao zilizonyooka tupu, bila mto. Nyekundu, buluu, njano na nyeusi alizipaka miaka kadhaa baadaye. Mwaka 1934, uchumi ukiwa mbaya, akatoa viti vya mbao za makasha ya mizigo, mnunuzi anajiungia nyumbani. Mpaka leo wabunifu wa samani wanajifunza kwake.

Mdogo wangu, uliniandikia kwamba unaona aibu kubaki karakana ya Mzee pale Keko. Nyumba ile UNESCO waliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000, na aliyeichora alianzia kwenye vumbi la mbao kama wewe. Usiuze randa. Msalimie sana Mzee.