Baina Ya Upasuaji Wa Jicho La Kwanza Na La Pili: Kuona, Twahara Na Swalah



Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, wengi wenu mna mzazi aliyepelekwa Bara kutolewa mtoto wa jicho. Mgonjwa hufikia kwa jamaa, tuseme Njoro mjini Moshi, akatibiwa KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini iliyofunguliwa mwaka 1971. Jicho la kwanza likishapasuliwa, huambiwa arudi baada ya wiki kadhaa au miezi kwa ajili ya la pili. Tunakieleza hapa kipindi hicho cha katikati, kwani ndicho kinachowatia wengi hofu, na wapo wanaokata tamaa humo wakaliacha jicho la pili.

Kwa nini macho hupasuliwa moja moja

Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho iliyoingia ukungu. Daktari huitoa na kuweka lenzi ya kutengenezwa, njia iliyoanzishwa London mwaka 1949 na Harold Ridley. Macho hayapasuliwi pamoja kwa kawaida ili, yakitokea maambukizi, yasiyapate yote mawili. Tena matokeo ya jicho la kwanza humsaidia daktari kuchagua lenzi ya jicho la pili.

Mabadiliko yaliyo ya kawaida

1. Rangi. Lenzi ya uzeeni huwa ya manjano au kahawia, na huzuia sehemu ya mwanga wa buluu. Ikitolewa, mzee huona kanzu nyeupe kwa weupe aliousahau, pengine yenye kielekea buluu. Akitazama kwa jicho la zamani, kanzu ile ile huonekana kama imechovywa kwenye chai. Jicho jipya halikuharibika. Ndilo linaloona rangi ilivyo.

2. Jicho ambalo bado huonekana limezidi ubovu. Mara nyingi halikuzidi. Sasa lina la kulinganishwa nalo.

3. Kukadiria umbali. Ubongo hupima umbali kwa kuunganisha picha za macho mawili. Picha moja ikiwa safi na nyingine ya ukungu, mzee humimina chai nje ya kikombe, hukosea kipandio cha ngazi, na hudhani pikipiki ingali mbali.

4. Miwani ya zamani. Ilipimwa kwa jicho lenye lenzi yake ya asili, hivyo upande uliopasuliwa haifai tena. Nguvu za macho mawili zikitofautiana sana, kiasi cha dayopta 3 au zaidi, wengi hushindwa kuunganisha picha wakiwa na miwani; huona vitu viwili viwili au hupata kizunguzungu.

5. Kusoma. Lenzi inayowekwa kwa kawaida ni ya kuonea mbali. Mzee anaweza kuuona mnara wa msikiti na asiweze kuzisoma herufi za Msahafu bila ya miwani ya kusomea.

6. Mwanga wa jua na taa za magari usiku humsumbua siku za mwanzo.

Familia ifanye nini

Msikimbilie kununua miwani ya kudumu. Jicho huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kutulia, na miwani kamili hupimwa baada ya jicho la pili kupona. Kwa muda, fundi wa miwani anaweza kuondoa kioo cha upande uliopasuliwa au kuweka kioo kisicho na nguvu. Miwani ya kusomea ya bei nafuu inatosha kwa Msahafu.

Wekeni taa penye ngazi na njia ya chooni, na ondoeni mikeka inayojikunja. Mzee asiendeshe baiskeli wala chombo cha moto mpaka daktari aridhie. Akirudi nyumbani, ashikwe mkono anapopanda na kushuka boti, kwani pengo baina ya boti na gati ni mahali pa hatari kwa asiyeweza kupima umbali.

Dawa ya matone itiwe kama ilivyoandikwa hadi imalizike, hata kama jicho halina maumivu. Jicho lisisuguliwe, na lisitiwe wanja, asali wala dawa za majani.

Dalili zisizo za kawaida

Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, usaha, kuona kunakopungua badala ya kuongezeka, mimweko ya mwanga, au kivuli kama pazia. Hapa msisubiri miadi ya Moshi. Siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali iliyo karibu, kama Mnazi Mmoja kwa walioko Unguja, mkiwa na karatasi zake za upasuaji. Kuchelewa siku moja kunaweza kulipoteza jicho.

Twahara

Kuosha ndani ya jicho si katika wajibu wa wudhuu. Daktari akikataza maji kufika jichoni, aliyepasuliwa aoshe sehemu ya uso iliyo salama. Likiwa limefungwa kwa kifuniko, katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy ataosha palipo salama, atapangusa maji juu ya kifuniko, na atatayamamu kwa ajili ya sehemu isiyooshwa. Wako Maulamaa wanaoona kupangusa kunatosha.

Swalah

Baadhi ya wagonjwa hukatazwa kuinama kwa siku kadhaa. Aliyekatazwa ataswali na kuashiria rukuu na sijda kwa kichwa kadiri alivyoruhusiwa, ishara ya sijda iwe chini kuliko ya rukuu. Haachi Swalah wala haicheleweshi mpaka wakati wake utoke.

Mas-ala haya ni ya kale. Imepokewa kwamba Ibn 'Abbaas (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) aliposhukiwa na maji machoni, ambalo ndilo jina la Waarabu wa zamani kwa mtoto wa jicho, aliambiwa atatibiwa kwa sharti aswali akiwa amelala kwa siku kadhaa, naye akaiacha tiba hiyo. Hata hivyo Imaam An-Nawawiy (aliyefariki mwaka 676 H) ameeleza katika Al-Majmuu' kwamba kauli sahihi zaidi ya madhehebu ni kujuzu kuswali hivyo kwa ajili ya kutibu jicho. Basi mzee asione anapunguza dini kwa kufuata ruhusa.

Ama kutegemea kauli ya daktari asiye Muislamu aliye mjuzi na mwaminifu, Ibnul-Qayyim ameijuzisha, akitoa dalili kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alimkodi muongozaji njia asiye Muislamu katika Hijrah.

Swawm

Matone ya jicho hayafunguzi kwa Mashaafi'iy. Majma' ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, nayo ilipitisha kwamba hayafunguzi.

Jicho la pili lisiachwe

Mzee akishaona kwa jicho moja husema, "Linanitosha, msijitaabishe." Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2005 ulionesha kwamba uamuzi wa kupasuliwa hufungamana sana na familia. Kauli hiyo ya mzee huenda ikawa ni kuwaonea haya watoto kwa nauli na gharama. Mwana mwema hasubiri kuombwa. Jicho la pili humrudishia mzee kipimo cha umbali na huondoa tofauti ya miwani. Na mtoto wa jicho aliyeachwa mpaka akapevuka kupita kiasi anaweza kupandisha presha ya jicho, likauma na kupofuka moja kwa moja.

Andikeni tarehe ya miadi ya pili kabla hamjaondoka hospitali, na wekeni nauli yake tangu sasa. Kumshika mzazi mkono katika wiki hizi ni katika kuwafanyia wema wazazi.

Tunamuomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu.

Na Allaah Anajua zaidi.