Mzalia na Mjinga

Mgeni akifika kwetu Mitole twampa maji, kisha twamwuliza, "Kwenu wapi?" Ni neno la adabu, wala hatulifikiri sana. Lakini zamani, katika nchi hii ya Kilwa, jibu lake laweza kuamua kama mtu atakaa au atauzwa.

Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa katika pwani yetu. Misafara ilitoka pande za Ziwa Nyasa, watu wametiwa makongwa na minyororo, na wengine wamebebeshwa pembe za ndovu. Wengi walivushwa mpaka Unguja. Mwaka 1859 peke yake walihesabiwa yapata watu 19,000 walioletwa kisiwani, na wengi wao walitoka nchi za Ziwa.

Hapa pwani watu walikuwa na daraja zao. Juu alikuwa muungwana. Chini yake alikuwa mzalia, yaani mtoto wa mtumwa aliyezaliwa papa hapa. Huyu alijua Kiswahili na desturi, na kumwuza ilikuwa aibu kwa bwana wake. Chini kabisa alikuwa mjinga, aliyeletwa karibuni kutoka bara. Hakuitwa hivyo kwa kukosa akili. Kwao alijua kulima, na kuwinda, na kusema mbele ya wazee; hapa hakujua lugha wala desturi. Basi ujinga wake ulikuwa ni umbali wa mahali alipozaliwa.

Hata Wadachi walipotaka kupunguza utumwa, walipima kwa kuzaliwa. Kwa amri ya mwaka 1904, watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 walikuwa huru. Tufikiri basi: mama mmoja, watoto wawili, mkubwa wa mwaka 1904, mdogo wa mwaka 1906. Mmoja ni mtumwa, wa pili ni huru, nao wamenyonya ziwa moja! Sheria ya kuufuta utumwa katika Tanganyika ilikuja mwaka 1922, wakati wa Waingereza.

Wako wasemao, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," maana damu ndiyo imfanyayo mtu. Na tutazame habari za Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akauzwa akiwa mtoto, akafika Unguja. Akakombolewa, akasomeshwa Kiungani na misheni ya UMCA, hata Uingereza akaenda kusoma. Mwaka 1886 akatumwa Chitangali, katika bara ya Lindi, kuwafundisha Wayao wenziwe. Na mwaka 1890 akawekwa kasisi, wa kwanza katika Waafrika wa misheni ile. Damu yake haikubadilika tangu sokoni hata madhabahuni. Kilichobadilika ni kwamba alifunguliwa mlango.

Lakini tusijidanganye. Kwa Majaliwa mmoja, maelfu hawakufunguliwa, na wengi walikuwa na akili kama yake. Wajukuu wao wamo kati yetu, na wengine wakiulizwa huficha kabila la babu zao. Aibu hiyo si yao, ni ya waliouza na walionunua.

Basi tuulizapo "Kwenu wapi?" tuulize ili tumkaribishe mtu, tusiulize ili tumpime. Na siku ya kuchagua mtoto wa kusomeshwa, au ya kujibu posa, tumtazame mtu mwenyewe, tusitazame alikozaliwa babu yake.