Kirinyaga: Mlima wa Moto, Barafu na Sala

Msomaji mpenzi, ukisimama Nyeri au Embu alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, utauona Mlima Kenya umesimama wazi. Pengine umeuona mara nyingi hata ukauzoea. Lakini je, umepata kujiuliza ni nani walioujua mlima huu kwanza, nao walijua nini?

Mlima huu ulizaliwa na moto. Mamilioni ya miaka iliyopita volkeno ilitapika hapa lava na majivu, tabaka juu ya tabaka. Moto ulipozimika, mawe yaliyoyeyuka yaliganda kooni mwa volkeno. Kisha barafu na mvua zikaula mlima kutoka nje, hata kizibo kile kigumu kikabaki peke yake. Ndicho tukionacho leo katika vilele vya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188.

Wenyeji waliutazama mlima kwa macho ya mwili na kwa macho ya imani. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Keri, yaani mlima wenye milia, kwa kuwa mwamba mweusi na theluji nyeupe hupakana. Wakamba waliuita Kiinyaa, na katika neno hilo nchi yetu ikapata jina lake. Wakikuyu, ambao kwao ni Kirinyaga, wasimulia kwamba Ngai alimpandisha Gikuyu mlimani akamwonyesha nchi yote, kisha akamwelekeza Mukurwe wa Nyagathanga, alikomkuta Mumbi awe mkewe. Kwa hiyo wakati wa ukame wazee walikusanyika chini ya mugumo, wakachinja mwanakondoo, wakainua mikono kuuelekea mlima na kuomba mvua.

Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huu kutoka Kitui, kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Wenyeji walimweleza habari za baridi kali na kitu cheupe kilichoporomoka kwa kishindo. Habari zilipofika Uingereza, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga bara hili, alikana kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na Ikweta. Joseph Thomson alipouona mlima mwaka 1883, shaka ikaisha. Basi ukweli ulikuwa umekaa siku zote vinywani mwa wenyeji. Kilichokosekana ni sikio la kuwasikiliza.

Hata sala za wazee hazikuwa mbali na maarifa. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga mlima, zikapanda, zikapoa na kuwa mvua. Misitu huyahifadhi maji hayo, nayo hulisha mito ya Tana na Ewaso Ng'iro. Aliyeomba mvua akiuelekea Kirinyaga alijua maji yake yatoka wapi.

Lakini sasa joto la dunia limezidi. Mwishoni mwa karne ya 19 palihesabiwa mito ya barafu 18 mlimani. Leo haifiki 10, na iliyosalia yazidi kupungua. Huenda mjukuu wako akasikia habari za theluji ya Ikweta, naye akabisha kama alivyobisha Cooley. Basi, msomaji, utazame mlima vizuri, uitunze misitu yake, na uyaandike uyaonayo, kwa maana siku hiyo shahidi utakuwa wewe.